Mkunga, Mkwewe na Waifai Iliyosinzia

Dada Fundi ana chumba cha kazi ambacho nusu yake ni ya mumewe. Upande wa mlangoni mume ananyoa. Upande wa ndani, nyuma ya pazia lililotundikwa siku ya kwanza na halijafungwa mpaka leo, mke anatengeneza kompyuta. Kwa hiyo ukienda kunyolewa utasikia habari za laptopu zilizomwagikiwa chai, na ukipeleka laptopu utarudi nyumbani na nywele za watu kwenye mikono ya shati. Wenyewe wameshazoea. Mume akimaliza kichwa cha mtu, mke anamtupia mteja jicho moja kwenye kioo, bisibisi mkononi, anasema, "Kushoto kumebaki." Na ukipapasa, kweli kushoto kumebaki.

Kazi hii ya ufundi Dada Fundi aliipata kwa mjomba wake, fundi redio wa siku nyingi, mtu mnene na mpole aliyezisemesha redio kama wagonjwa. Kabla ya kumwonyesha hata kushika bisibisi, mjomba alimfundisha jambo moja: chochote kikiletwa, kipe umeme kwanza, maswali baadaye. Alikuwa amechoka kufungua redio za watu, kuzitawanya mezani nati kwa nati, halafu akagundua kwamba mgonjwa haumwi kitu, ana njaa tu. Redio zikapungua, kompyuta zikaingia, mjomba akaenda kupumzika, na mpwa akabaki na mkono uleule. Mteja hajamaliza salamu, chaja imeshaingia kwenye laptopu yake. Kuna watu wakikuona mlangoni wanakuvutia kiti hata kabla hujasema shida yako. Yeye huvuta waya. Amefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba hajui tena kama anafanya.

Sasa, mteja aliyemtoa jasho kuliko wote hakutoka mbali. Alikuwa mama mkwe.

Bibi huyu alikuwa mkunga hospitalini mpaka alipostaafu, na mtaa mzima unamwita Mama Mkunga. Nusu ya watu wa pale, mikono ya kwanza kuwashika duniani ilikuwa yake, na yeye hasahau. Anaweza kukutana na bwana mzima, tai shingoni, mkoba mkononi, akamwambia mbele za watu, "Wewe ulitanguliza miguu," kisha akaendelea na safari yake. Kustaafu hakukumkaa vizuri. Alipanga kabati lake upya, akalipangua, akalipanga tena, akaanza kupiga hodi kwa majirani akiuliza kama makabati yao yako sawa. Mwanawe kinyozi akawa anaomba kimyakimya mama apate shughuli.

Shughuli ikaja. Chuo cha wakunga kilikuwa na wanafunzi waliotawanyika kwenye zahanati za mbali, kila mmoja na simu yake, na kilimtaka mtu aliyeshika kazi hiyo kwa mikono awafundishe kwa video. Mama Mkunga akapewa darasa kwa majaribio. Dada Fundi akamtengenezea laptopu, si ya dukani, ila ameiunga mwenyewe na kuisafisha mpaka inang'aa. Bibi akatoa mwanasesere wake wa kufundishia, yule wa kitambaa mwenye kitovu cha kamba, akamfua, akamwanika. Siku ya darasa la kwanza alivaa sare yake ya zamani, ingawa kamera ilikuwa inaonyesha kichwa na mabega tu.

Darasa likaanza vizuri. Likafika katikati, mwalimu akapotea.

Darasa la pili likafika katikati, akapotea. La tatu vilevile. Wanafunzi wanaona jina lake tu, halafu hata jina halipo. Mkuu wa kozi, kijana mwenye adabu zake, akampigia simu na kuanza kwa kumsifu sana, na Mama Mkunga, ambaye amewapa watu habari mbaya maisha yake yote, akajua anapelekwa wapi. Kijana alisema darasa lijalo atalisikiliza yeye mwenyewe. Likikatika tena, basi, itabidi wamtafute mwalimu mwingine, "mtu anayeelewana zaidi na mitambo, mama, si kwa ubaya."

Darasa hilo lijalo lilikuwa kesho yake asubuhi. Ndiyo maana mchana ule aliingia kwa kinyozi na laptopu kwapani, akapita moja kwa moja mpaka upande wa ndani, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka.

"Imekata tena."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imekata tena."

Dada Fundi alimvutia kiti kwa mkono mmoja, na mkono wa pili, bila kuagizwa na mtu, ukachomeka chaja. Akaiwasha mashine. Waifai ikashika palepale, mistari yote imejaa. Akafungulia mpira wa mtandaoni, akauacha uendelee kwa sauti. Kule kwenye benchi alikuwepo mwashi mmoja ambaye alikwisha kunyolewa zamani lakini hakuona haja ya kuondoka. Akasogea. Mpira ukachezwa kipindi cha kwanza, mapumziko, kipindi cha pili. Haukukwama hata mara moja.

"Shemeji," mwashi akamwambia Dada Fundi, "hii mashine ni nzima kuliko mimi."

"Kwangu haikatiki," Dada Fundi akakiri. "Nimeshaibadilishia draiva, mama, ile programu ndogo inayoiambia kompyuta namna ya kuitumia kadi ya waifai. Nimeingia kwenye mipangilio nikaipa kadi nguvu zote. Nimekuja kwako nikakuhamishia ruta karibu na meza. Sasa sielewi."

"Labda," mwashi akasema kwa sauti ya kutafuta amani, "mama wakati anafundisha vidole vinagusa mahali. Hizi mashine, ukigusa kidogo tu pasipotakiwa..."

Mama Mkunga alimgeukia taratibu.

"Vidole hivi," alisema, "ndivyo vilivyokutoa wewe. Na ulikuwa umejifunga kitovu shingoni. Niligusa pasipotakiwa?"

Mwashi akapapasa shingo yake. Alisema hapana, mama, uligusa vizuri, na akakumbuka kwamba kuna mahali anasubiriwa.

Kinyozi alikuwa amesimama katikati, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi, mama upande huu, mke upande huu. Mteja kwenye kiti akamwuliza kwa upole kama ataendelea.

"Mimi nanyoa tu," akasema, na kweli akarudi kunyoa.

Lakini mama alipotoka nje kuongea na simu, kinyozi alizima mashine, akamfuata mkewe. Akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ni yeye?"

Dada Fundi alifunika laptopu. Ukweli ni kwamba wazo hilo lilishampitia. Fundi yeyote unayemjua, mashine ikikataa kuumwa mbele yake, macho yake yanahamia kwa mwenye mashine. Lakini alimfahamu mama mkwe wake. Mtu huyu hufunga kifuniko cha chumvi mara mbili. Si mtu wa kugusagusa.

"Sijui," akasema. "Kesho alfajiri naenda kwake. Nataka niione ikifia mikononi mwake, isinifie kwa kusimuliwa."

"Darasa ni asubuhi."

"Ndiyo maana nimesema alfajiri."

Basi kesho yake alifika wakati mama mkwe anafagia kibaraza. Chumba cha kufundishia kilikuwa sebule, na sebule ya Mama Mkunga ina soketi moja, ipo karibu na mlango wa kwenda uani. Meza ya kufundishia ipo upande wa pili kabisa, chini ya dirisha, kwa sababu ya mwanga. Mwanasesere alishalala juu ya kitambaa cheupe, akisubiri kuzaliwa kwa mara nyingine.

Dada Fundi alikuwa na mpango. "Mama, tufanye kama darasa lenyewe. Mimi ni mwanafunzi. Naenda jikoni na simu yangu, nakupigia video, wewe unanifundisha kila kitu kama unavyofanya siku zote. Usibadilishe hata kitu kimoja."

"Hata kitu kimoja?"

"Hata kimoja."

Akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda kati ya ndoo na jiko. Video ikaunganika. Kwenye simu akamwona mama mkwe, sare, miwani, mgongo umenyooka, na hapohapo akajikuta naye amenyoosha mgongo.

Mama Mkunga hakumfundisha kimzaha. Alimfundisha kama anavyofundisha watu ambao kesho watakuwa peke yao wodini. Alimgeuza mwanasesere, akaonyesha kichwa kinavyoshuka, akaonyesha mikono inavyotakiwa kungoja. Kisha akauliza.

"Mama amechoka. Anakwambia anataka kusukuma. Umempima, njia haijafunguka. Ndugu zake wako mlangoni wanakupigia kelele ufanye kitu. Utafanya nini?"

"Nitamwita mkunga," akajibu Dada Fundi.

"Wewe ndiye mkunga."

"Basi nitamwita mwingine."

"Ameenda kujifungua. Zima kamera, zima sauti, fikiria. Na mimi nazima. Nikiwasha unijibu."

Skrini ikawa nyeusi. Dada Fundi akakaa jikoni na swali lake. Mwanzoni aliona ni mchezo, kisha akaanza kufikiria kweli, yule mama, wale ndugu mlangoni, na kidogo jasho likamtoka. Alikuwa bado anatafuta jibu simu ilipomwandikia kwamba mwalimu ameondoka.

Akatoka jikoni mbio, kandambili moja akaiacha njiani.

Mama Mkunga alikuwa amekaa palepale mezani. Mikono yake miwili ilikuwa juu, viganja mbele, kama mtu aliyevamiwa na polisi.

"Sijagusa," akasema. "Umeniona? Sijagusa kitu."

Dada Fundi alisimama mlangoni, na kitu kikamchoma moyoni. Aliiona mikono ile imeinuliwa hewani, akaelewa kwamba bibi huyu si mara yake ya kwanza kukaa hivi. Kila darasa, kimya kilipoanza, alikuwa akiinua mikono, peke yake chumbani, akijitolea ushahidi ambao hakuna wa kuusikiliza.

"Nimekuona, mama. Shusha mikono."

Akainama juu ya laptopu. Mwashi angesema nini sasa. Mistari ya waifai ilikuwa haipo kabisa, kadi imepotea kama haijawahi kuwekwa. Na mkono wake, ule aliourithi kwa mjomba, ukanyooka wenyewe pembeni kutafuta chaja. Ukapapasa. Ukapapasa tena. Hakukuwa na chaja.

"Mama, chaja iko wapi?"

"Kwenye mfuko wake."

"Unafundisha bila chaja?"

"Naichaji mpaka ijae, naitoa, nakunja waya, naweka kwenye mfuko. Ndipo naanza." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba huvaa viatu kabla ya kutoka. "Soketi iko kule, meza iko huku. Katikati ni njia. Wodini hatuachi waya wala kamba kwenye njia, mwanangu. Nilimwona muuguzi amejikwaa kwenye waya wa taa amebeba kichanga. Kichanga hakikuumia, kwa sababu aliangukia kiwiko chake mwenyewe, na kiwiko hakikunyooka tena. Tangu siku hiyo mimi kabla sijaanza kazi nachomoa, nakunja."

Dada Fundi akakaa chini, sakafuni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kushika mguu wa meza.

"Unachekea kiwiko cha watu?"

"Hapana, mama. Najicheka. Mimi kila mashine ikiingia kwangu nachomeka. Wewe kila ukitaka kuanza unachomoa. Tumekuwa tukiongelea mashine mbili."

Akamweleza. Laptopu ikila umeme wa ukutani inakuwa mkarimu, haihesabu. Ikichomolewa, ikaanza kula akiba yake yenyewe, inageuka bahili: inapunguza mwanga, inapunguza kasi, inazungukazunguka ndani ikitafuta kifaa gani hakina kazi ikizime. Wakati watu wanaongea na kamera ziko wazi, kadi ya waifai ina shughuli tele, haiguswi. Lakini mwalimu akizima kamera, na darasa zima likazima, hakuna kinachopita. Kadi inasikia kimya, inadhani watu wamekwenda zao, inalala. Na draiva ya kadi hii ni nzito kuamka. Ukiiita haiitiki.

Mama Mkunga alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama muuguzi wa zamu," akasema. "Wodi ikitulia anajinyoosha kidogo, halafu kengele haisikii."

"Huyohuyo."

"Na kwako ulimfungulia mpira."

"Nilimfungulia mpira, tena na chaja. Angelala saa ngapi?"

Wakacheka wote, lakini mama mkwe alitangulia kunyamaza, maana saa ya ukutani ilikuwa inaenda. Dada Fundi akasema njia rahisi ipo, tupitishe waya leo tu, nitaubandika sakafuni. Mama Mkunga akagusa kiwiko chake, na Dada Fundi akalifuta wazo hilo mwenyewe. Akajaribu lingine.

"Basi kimya, mama. Usiwape kimya kirefu. Waongeleshe kidogo kidogo, ili kadi isipate nafasi ya kusinzia."

"Hicho siwezi kukitoa."

"Leo tu, kwa sababu mkuu wa kozi yupo."

"Leo hasa," akasema Mama Mkunga. "Kuonyesha mkono unakaa wapi, hata picha zitaonyesha. Mimi wameniita kwa hicho kimya."

Ikabidi ugonjwa utibiwe kwenye ugonjwa wenyewe. Dada Fundi akaizima laptopu, akaiwasha, kadi ikarudi imeamka kama haijafanya kitu. Akafungua mipangilio ya umeme, akaenda mpaka kwenye waifai, na hapo akakutana na kazi ya mikono yake mwenyewe. Kulikuwa na nafasi mbili. Ya kwanza ilisema mashine ikiwa kwenye umeme: nguvu zote. Hiyo aliiweka yeye, pale kwake, chaja ikiwa ndani, akajipongeza. Ya pili, chini yake kidogo tu, ilisema mashine ikiwa kwenye betri: bana kabisa. Hiyo hakuigusa kwa sababu hakuitazama, na hakuitazama kwa sababu kwake hakuna mashine inayokaa kwenye betri.

Akaibadilisha. Wakajaribu tena: yeye jikoni, mama mezani, swali, kamera zimezimwa. Jikoni Dada Fundi hakufikiria jibu safari hii. Alikuwa anaitazama simu kama anatazama maziwa jikoni yasimwagike.

Mwalimu ameondoka.

"Sijagusa," sauti ikasikika kutoka sebuleni.

"Najua, mama."

Akarudi, akakaa, akajikuna kichwa kwa bisibisi. Alikuwa amemzuia bahili mmoja, na ndani kulikuwa na mwingine. Akafungua orodha ya vifaa vya kompyuta, akaitafuta kadi ya waifai yenyewe, akaingia kwenye ukurasa wake wa umeme. Pale palikuwa na kisanduku kidogo chenye alama ya vema, na maneno yanayosema kompyuta inaruhusiwa kukizima kifaa hiki ili kuokoa umeme. Siku alipobadilisha draiva, draiva mpya ilikuja na ruhusa yake mkononi, na hakuna aliyeiuliza.

Akaiondoa ile vema. Akazima, akawasha, akafungua ukurasa wa darasa.

"Tujaribu?" akauliza.

Mama Mkunga alielekeza kidole kwenye saa. Kisha akaelekeza kwenye skrini, ambapo wanafunzi walishaanza kuingia mmoja mmoja, na kwenye kona, ndani ya shati lililopigwa pasi, mkuu wa kozi.

Hapakuwa na muda wa kujaribu. Darasa lenyewe ndilo litakuwa jaribio.

Dada Fundi alijitupa sakafuni, nje ya macho ya kamera, mgongo ukutani. Mkononi alishika mfuko wa chaja. Mama Mkunga, akitabasamu kuelekea kwenye kamera, alisema bila kutikisa midomo, "Ukiutoa huo waya nitakusikia."

Darasa likaenda. Kuanzia chini pale, Dada Fundi alikuwa anaona viatu vya mama mkwe tu, vyeupe, vya wodini, vimetulia vimekaa sawasawa sakafuni. Juu sauti ilikuwa inafundisha. Wanafunzi wakauliza, wakajibiwa. Msichana mmoja alisema kwake mvua inanyesha juu ya bati, kama hawamsikii wamsamehe. Akaambiwa bati ni zuri, linamzoeza kusikia mama katikati ya kelele.

Kisha swali likaja. Yule mama aliyechoka, ndugu mlangoni.

"Zimeni kamera, zimeni sauti. Na mimi nazima. Fikirini."

Kimya kikaingia sebuleni.

Dada Fundi aliinua shingo taratibu mpaka akaiona kona ya skrini yenye mistari ya waifai. Ipo. Akaitazama betri, imeshuka kidogo. Nje mtu alipita akivuta kitu kwenye changarawe, akaenda zake. Mistari ipo. Akafikiria kufungua mfuko wa chaja kidogo tu, zipu nusu, na viatu vyeupe vikasogea. Akaacha. Akafikiria kumtuma mumewe ujumbe, akakumbuka kwamba mlio wa simu yake ni wa jogoo. Akaizima kwa vidole viwili. Mistari ipo. Ilikuwa ni hivi: kila alipotazama ilikuwepo, na kila ilipokuwepo aliona karibu itaondoka.

Akainua macho zaidi kidogo. Mikono ya Mama Mkunga safari hii haikuwa juu. Ilikuwa imelala mezani pande mbili za mwanasesere, imelegea, imetulia. Mwenyewe hakuwa anatazama mistari wala betri. Alikuwa anatazama dirishani, kama mtu mwenye muda wote duniani.

Kidogo, sauti ya mvua juu ya bati ikajaa chumbani.

"Mwalimu," alisema yule msichana. "Mimi nimepata jibu. Sitafanya kitu. Nitakaa naye. Hao ndugu nitawatuma maji, wawe na kazi."

"Endelea," akasema Mama Mkunga.

Dada Fundi alijilaza kabisa sakafuni akitazama dari.

Darasa lilipokwisha, wanafunzi walitoka, akabaki mkuu wa kozi. Alikohoa.

"Mama, leo hakukuwa na tatizo lolote. Hongera. Nina neno moja tu. Kile kimya pale katikati kilikuwa kirefu. Mimi mwenyewe nilidhani tumekatika tena. Pengine tukipunguze?"

"Ulijisikiaje?"

"Vibaya, kusema kweli. Nilitaka kufanya kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote."

"Ndicho ninachowafundisha," akasema Mama Mkunga. "Mkunga ambaye hawezi kukaa na kile ulichokisikia atavuta mtoto ambaye hajafika. Siku watakayokizoea kimya changu nitakipunguza."

Mkuu wa kozi aliandika kitu. Kisha akasema darasa libaki kuwa la mama, tena lile la muhula unaokuja wangependa alichukue pia, kama hachoki. Mama Mkunga alijibu kwamba ataangalia nafasi, jibu ambalo lilimfanya mkwewe pale sakafuni azibe mdomo kwa mfuko wa chaja.

Skrini ilipozimika, mama mkwe hakuinuka. Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya sare.

"Ulidhani ni mimi," akasema.

Dada Fundi alikaa kitako. Angeweza kusema hapana, na pengine mtu mwingine angesema.

"Kidogo, mama."

"Kidogo kiasi gani?"

"Jana mchana, baada ya mpira. Nilipokuona umeinua mikono, kikaisha chote."

Mama Mkunga akavaa miwani.

"Mimi pia nilianza kudhani ni mimi," akasema. "Usimwambie mwanangu." Kisha akaisogeza laptopu katikati ya meza na kuvuta kiti cha pili. "Hiyo vema uliyoiondoa. Inaweza kurudi?"

"Mashine ikijisasisha, draiva mpya inaweza kuirudisha."

"Basi nionyeshe ilipo. Siku ikirudi, wewe hutakuwepo hapa sakafuni."

Dada Fundi akakaa karibu yake, akamwonyesha njia mara moja, kutoka mwanzo, akairudisha ile vema mahali pake, akafunga kurasa zote. Mama Mkunga akashika kipanya. Akafungua mahali ambapo sipo penyewe. Akarudi. Akafungua kwingine, nako siko. Kidole cha Dada Fundi kilikuwa kimeshanyanyuka kuelekea kwenye skrini, na mdomo umeshafunguka.

"Nyamaza," akasema mama mkwe, bila kumtazama. "Natafuta."

Akanyamaza. Akaikalia mikono yake yote miwili, akang'ata mdomo, akatulia, wakati kishale kikitembea polepole kwenye skrini, kikipita karibu kabisa na mahali penyewe, kikisita, kikirudi.